Mwali Asiye na Nywele

Nywele za binti yangu zilianza kukatika akiwa darasa la tano, muda si mrefu baada ya sisi kuhamishiwa kijiji kipya cha Ujamaa huko Marui. Kilianza kiraka kimoja nyuma ya sikio, kikaja kingine, mpaka kichwa kizima kikabaki kitupu. Majirani wakasema ni mapunye. Nikampaka kila nilichoambiwa, hata mafuta ya taa. Mwisho nikampeleka hospitali, Tumbi. Daktari akasema si mapunye, wala ugonjwa wenyewe hauambukizi. Mwili wenyewe umezikataa nywele, zinaweza kurudi, zinaweza zisirudi. Nikamwitikia kama mtu aliyeambiwa sukari imekwisha dukani. Tangu siku ile niliingiwa na ganzi. Nilipika, nililima shamba la kijiji, nilicheka wenzangu walipocheka.

Shuleni haikuwa shida sana, maana watoto wote walinyolewa. Shida ilikuja alipovunja ungo. Kwetu Wazaramo msichana huwekwa ndani akafundwa, na wembe haugusi kichwa chake mpaka siku ya kutolewa. Siku hiyo husukwa, akapakwa mafuta, akabebwa mabegani katikati ya ngoma, kila mtu amwone alivyowiva.

Wifi yangu mkubwa ndiye aliyeishika shughuli, naye akaamua kuwa mwali hatoki mpaka nywele ziote. Aliamini kabisa kwamba kukaa gizani kutaziotesha, utadhani tumevundika ndizi. Wasichana waliowekwa ndani baada yake wakatolewa, wakaolewa. Shule nayo ikampita. Kila nilipompelekea uji nilimkuta na mwanahiti, kile kisanamu cha mti anachopewa mwali akilee kama mtoto. Alikuwa akikipaka mafuta kichwani, taratibu, penye nywele za kuchongwa. Nilijua kwamba jambo lile lilipaswa kuniuma. Haliniumi, nikajiambia, nikaokota bakuli la jana na kutoka.

Siku moja akaniuliza, "Mama, zisipoota nitazeekea humu?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa wifi yangu, aliyekuwa uani akimenya mihogo.

"Wifi, mwali anatoka Jumamosi hii."

"Na kichwa kile? Watu watatucheka!"

"Wacheke. Wakichoka wataacha."

"Basi angalau tumfunge kitambaa."

"Kamuulize mwenyewe."

Akaenda kumuuliza. Akarudi amenuna, akaendelea na mihogo yake. Binti alikuwa amekataa kitambaa.

Jumamosi kaka yangu akambeba mabegani. Alipoinuliwa juu ya watu, kichwa kitupu kikiwa kimepakwa mafuta, mpiga ngoma alisitasita. Wanawake wakatazamana. Hakuna aliyepiga kigelegele. Nilisimama nyuma yao wote nikiwa na ganzi yangu ile ile, nikamwona mwanangu anavyoshika kwa nguvu paji la uso la mjomba wake, macho ameyaelekeza chini. Hapo ikaniuma. Iliniuma kila mahali kwa mara moja, nikawachukia wote waliokuwa pale, nikampenda mwanangu.

Nikapiga kigelegele peke yangu, kirefu, cha sauti iliyokwaruza.

Kule juu akashtuka, akageuka kutafuta ni nani. Aliwatazama kwanza shangazi zake, kisha majirani, mmoja mmoja. Mimi nilikuwa wa mwisho kutazamwa.