Banda la Bati la Kwedizinga

Mwezi wa pili uliopita nilikwenda Kwedizinga kumjulia hali mjomba, ambaye siku hizi hatoki sana nje. Mwanawe anafuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba. Jua la kwetu Handeni unalijua mwenyewe: ikifika saa sita mchana hata mbuzi wanagombania kivuli cha ukuta. Binamu alifungua mlango wa banda lake la bati nione mifugo yake, na harufu iliyotoka humo ikanifanya nigeuke. Kinyesi kibichi, manyoya yaliyolowa, na chini yake harufu tamutamu ya kitu kilichoanza kuoza. Kuku walikuwa wamelala midomo wazi, mabawa yametanuka, na baadhi yao hawakuwa wakipumua tena. Akawaokota hao waliokufa, akawatia kwenye kiroba. Pikipiki ikaja ikakichukua.

"Kinapelekwa wapi?" nikamuuliza.

"Kuna mteja wake, dada. Huko mjini hawaulizi."

Chakula cha mchana kilipoletwa, wali kwa kuku, nikasema nimeshiba. Binamu akacheka, akasema nimerithi kinyaa cha Bibi. Yeye hakumwahi Bibi, kazisikia habari zake tu. Mimi nililelewa naye katika kiwanja hichohicho, na ndiye aliyenifundisha kinyaa.

Usidhani nasifia kuku wa zamani. Nilikuwa nawachukia. Banda la Bibi lilikuwa la fito na udongo, limeezekwa nyasi, na kila asubuhi kabla ya shule kazi ya kulifagia ilikuwa yangu. Utitiri ulikuwa unapanda kwenye mikono mpaka shingoni, najikuna darasani hadi wenzangu wanahama dawati. Nikikanyaga yai viza lililosahaulika pembeni, uvundo wake ulinifuata kutwa. Bibi alikuwa ananipa majani ya mwarobaini nitandaze kwenye viota na majivu ya jikoni nimwage chini, kisha ananiambia, "Penye uchafu panataka mkono, hapataki pua."

Msimu wa joto kazi iliongezeka. Maji ya kuku tuliyaweka kwenye vigae vya chungu kilichovunjika, chini ya mkwaju, na yakipata uvuguvugu tu Bibi alitaka yamwagwe yatiwe mengine, ingawa kisima kilikuwa mbali. Mchana hakuwapa mahindi. Alisema tumbo lililojaa mahindi ni jiko jingine ndani ya kuku. Aliwapa maganda ya tikiti na matango yaliyoiva kupita kiasi, mahindi yakasubiri jioni. Mlangoni mwa banda alitundika gunia la katani lililoloweshwa maji, na upepo ukipita hapo ulikuwa unaingia ndani umepoa. Tukimaliza tunanawa kwa majivu, ndipo tunakula ugali wetu na mlenda, naye akininusa vidole kabla sijagusa chakula.

Tatizo lilikuwa nguchiro. Aliingia kupitia kwenye nyasi, akaua mitetea wa Bibi, wengine akawaacha wametafunwa kichwa tu. Mjomba wakati huo alikuwa kijana mwenye kazi Korogwe mjini. Alipopata habari alikuja na bati na nguzo za mkonge, akajenga banda jipya katikati ya kiwanja, juani, kwa sababu chini ya mkwaju mizizi ilimshinda kuchimba. Akalizungushia bati pande zote, akatia kufuli.

"Sasa hapa haingii hata sisimizi," akasema.

Bibi alilizunguka, akapapasa bati kwa kiganja. "Na upepo je, mwanangu?"

"Mama, upepo hauui kuku. Nguchiro ndiye anayeua."

Bibi hakubishana. Kila asubuhi aliwafungulia kuku mapema na kuwarudisha jua likishaanguka, mambo yakaenda vizuri. Hadi siku alipoitwa msibani kijiji cha jirani. Mjomba alikuwepo kwa likizo. Jana yake tulikuwa tumemwona nguchiro kwenye uzio, basi mjomba akaamua kuku wasitoke. Akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akaenda gulioni.

Niliporudi shuleni nilisikia kelele kabla sijaingia kiwanjani. Kuku walikuwa wanajipiga kwenye bati. Nilishika mlango, ukaniunguza. Nikachota maji ya mtungini nikamwagia juu ya paa, yakafuka mvuke yakakauka. Nikamwaga mengine mpaka mtungi ukaisha, na huko ndani kelele zilikuwa zinapungua. Nikakimbilia kwa jirani yetu, mwenye hoteli ya wali pale barabarani. Alikuja na shoka akavunja kufuli.

Sitaki kukueleza yote niliyoyaona. Walikuwa wamepandana mlangoni, wa juu wanahema, wa chini wameshalegea, ulimi nje, wametapakaa kinyesi chao na cha wenzao. Nikawa nawaburura wazima hadi kivulini. Nilipogeuka, jirani alikuwa amechuchumaa na kisu. Anawachinja waliokufa. Damu haikuruka. Ilitoka nzito, nyeusi, kama uji uliolala.

"Hao wameshakufa, baba," nikamwambia.

"Wana roho bado. Wewe mtoto utajua nini?"

Akawajaza kwenye ndoo akaondoka nao.

Bibi alirudi alasiri, mjomba yuko nyuma yake na mfuko wa gulio. Nilimweleza, akainama akaiangalia ile damu ardhini, akaigusa kwa kijiti. Akauliza wangapi nilihakikisha wamekufa kabla ya kisu. Nikasema wote. Mjomba akaanza kusema kwamba tayari imekuwa nyama, watu watakula tu, tusimvunjie jirani heshima. Bibi alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza.

"Umewaua kwa ujinga, hilo nitakusamehe. Kibudu utawalisha watu kwa akili yako timamu?"

Akavuta ushungi, akanishika mkono. Hotelini sufuria lilikuwa motoni, na lilinukia vizuri, hilo ndilo linanitia kichefuchefu hadi leo. Mwalimu wetu wa madrasa alikuwa mezani, na kidari mkononi. Bibi alisalimia kwa utaratibu, akaitikiwa.

"Hao kuku ni wangu," akasema. "Wamekufa bandani kwa joto. Kisu kimewakuta ni mizoga. Mjukuu wangu ameona."

Mwenye hoteli alicheka, akasema bibi ana uchungu wa msiba. Hakuna aliyecheka naye. Mwalimu aliweka kidari chini polepole, akatoka, tukamsikia anatapika nyuma ya uzio. Wengine walinyanyuka wakanawa.

Jioni ile mjomba alichimba shimo, akaenda mwenyewe kuomba sufuria na ndoo, akazika vyote pamoja na nyama yake. Banda alilivunja, bati likaezeka choo. Lile alilojenga badala yake lilikuwa chini ya mkwaju, la fito zilizosukwa karibukaribu, nguchiro hapiti na upepo unapita. Jirani alikuja baadaye kuomba radhi. Bibi aliipokea, akawa anamwitikia shikamoo yake kila siku, lakini hadi anafariki hakunywa hata maji kwake.

Mkwaju sasa umekatwa mkaa. Mjomba, aliyelichimba lile shimo, anakaa barazani anaziona pikipiki zikija kuchukua viroba, na siku niliyokwenda kumjulia hali nilimtazama nikitegemea atasema neno. Aliuliza tu kama nimeshapewa kipande cha paja.