Mwaka wa Sinema, Mwaka wa Maswali

Mhariri wa jarida moja ameniomba orodha ya filamu nilizozipenda mwaka huu. "Tano tu zinatosha," akaandika, kana kwamba ananipunguzia mzigo. Nikakaa kuhesabu. Mwaka huu nimetazama filamu mbili. Ya kwanza nililala kabla mwizi hajaiba. Ya pili, mke wangu ndiye aliyeniamsha ilipokwisha. Mtu aliyekaa chuo kikuu miaka mingi akisomea masimulizi hawezi kupeleka orodha ya namna hiyo akabaki na heshima yake. Kwa hivyo, rafiki yangu, nitakupa mwaka mwingine, mwaka pekee maishani mwangu ambao naweza kusema nilikuwa mpenzi wa sinema. Pia ndio mwaka nilioshukiwa zaidi, nami nikamshuku kila mtu.

Nilikuwa darasa la sita. Wazazi wangu walikuwa Kibwezi, wakiuza matikiti na vitunguu kando ya barabara ya Mombasa, nami nilikuwa nimeachwa Matinyani kwa susu, mama yake baba, ili nisome mahali penye utulivu. Utulivu huo ulikuwa na sheria. Susu alikuwa mke wa mzee wa kanisa, na kwa kanisa letu video ilihesabiwa pamoja na pombe na kamari. Siku mashine ya video ilipoletwa sokoni, aliniita jikoni, akaweka chini kiondo alichokuwa anasuka, jambo ambalo hakulifanya kwa ajili ya mtu yeyote, akaniambia, "Siku nitajua umeingia pale, kesho yake uko Kibwezi."

Kibwezi hakukuwa jehanamu. Lakini kwa susu kulikuwa na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, uliopikwa na maharagwe mpaka mchuzi ukawa mzito, kulikuwa na sauti yake ya kuimba tenzi asubuhi akifagia uwanja, na kulikuwa na mahali pangu pa kulala karibu na jiko, ukutani, ambapo moto uliacha joto lake. Nilimfikiria baba akinipanga nyuma ya mafungu ya vitunguu. Sikutaka kurudishwa. Wala sikutaka kukosa video. Mtoto ni mtu anayeamini kwamba mambo mawili kama hayo yanaweza kukaa nyumba moja.

Jumamosi ndiyo iliyoniponza. Saa nane mchana susu alikuwa anaenda kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa, kwa mfanyabiashara wa nafaka aliyewaazima nusu ya ghala lake. Huko walichambua ndengu na mbaazi za sadaka ya mavuno, na zikiisha wakasuka vyondo. Mimi nilikuwa natumwa maji kwenye mto wa mchanga, kwa punda. Nilikuwa nakimbia mchana mapema, nachimba, nachota kwa kata mpaka mitungi minne inajaa, kisha napitia uchochoro wa nyuma ya soko. Hapo namshusha punda mzigo wake, namfunga kwenye mti wa miiba, na kuingia.

Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba cha mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, viti ni mbao zilizolazwa juu ya matofali. Harufu ilikuwa ya jasho, mahindi ya kuchoma na moshi wa jenereta. Mbele kulikuwa na televisheni isiyozidi ukubwa wa debe, na kando yake alisimama mtu ambaye mpaka leo namhesabu kuwa mwalimu wangu wa kwanza wa fasihi: mtafsiri.

Aliwahi kufundisha shule kabla ya kuachishwa. Hakuna aliyejua sababu, kwa hivyo kila mtu alikuwa na sababu yake. Alishika kipaza sauti, akasikiliza Kichina au Kihindi ambacho hakukijua hata neno moja, akatueleza kwa Kikamba chenye Kiswahili kila kilichosemwa. "Huyu mwenye kofia ametoka Malili. Anamwambia huyu mrefu, shamba la baba lina mpaka, na mpaka umehamishwa." Farasi walikuwa punda warefu. Mfalme alikuwa chifu. Mwanamke yeyote aliyelia alikuwa amepata barua kutoka kwa mwanawe aliye jeshini.

Kama ni orodha, basi orodha ni hii. Ya tatu ni ile ya mapacha wa Kihindi, ambao mtafsiri alisema walipoteana siku ya mnada wa ng'ombe. Ya pili ni ya askari msituni, aliyetembea saa nzima bila kuongea. Mtafsiri alijaza kimya hicho kwa kumpa askari maombi marefu sana, mpaka nikafunga macho pamoja naye. Ya kwanza, na sijaona filamu iliyoishinda, ni ya ndugu wawili, iliyoanza kwa filimbi ya huzuni. Ndugu mkubwa, kwa wivu, alifukia kisima cha mdogo wake wakati wa kiangazi. Mdogo akaenda mbali kujifunza kupigana, akarudi na upanga. Nilishangaa sana kujua kwamba Wachina nao wana taabu ya maji.

Sasa ngoja nikueleze habari ya maswali.

Nilikuwa nafika nyumbani karibu saa kumi na mbili. Susu alikuwa amerudi zamani, anatwanga au anachochea moto. Alikuwa anauendea mtungi, anatumbukiza kidole.

"Maji haya umechota saa ngapi?"

"Sasa hivi, susu."

"Mbona yana joto?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Maji ya chini ya mchanga hutoka baridi. Yangu yalikuwa yamekaa juani kwa saa tatu nyuma ya ukumbi. Nilisema punda alikuwa mkaidi. Susu alimtazama punda, punda akamtazama susu, nami nikaona wazi kwamba baina yetu sisi watatu, mimi ndiye niliyeaminiwa kidogo zaidi.

Halafu, nikiwa nakula, yakaja maswali ya aina nyingine, ya kunyemelea.

"Kavisi," kijana mdogo, ndivyo alivyoniita. "Mtu akifukiwa kisima na ndugu yake wa tumbo moja, kisha arudi na nguvu, wewe unaona atafanya nini?"

Nilirudisha kijiko bakulini. Amejuaje habari ya kisima? Kuna mtu aliyemwambia. Anataka nijibu ili ajue nilikuwa ndani.

"Sijui, susu."

"Hujui kabisa?"

"Sijui. Labda atasali."

Aliniangalia muda mrefu, akarudi kwenye kiondo chake. Jumamosi iliyofuata: "Watoto wawili wakipoteana mnadani, unadhani mama yao atawajua kwa alama gani?" Nikasema sijui. Nyingine: "Askari akiomba namna ile, Mungu anaweza kumwacha afie msituni?" Nikasema tutamuuliza mchungaji. Kila jibu langu lilikuwa kama mlango ninaoufunga, na kila nilipoufunga uso wa susu ulizidi kukunjamana. Nilisadiki mzigo wangu wa Kibwezi unafungwa.

Basi nikaanza kumtafuta msaliti. Jirani yetu mwenye kuku alikuwa anajua kila kitu, lakini hakuwa anatoka kwake. Mwalimu wa shule ya Jumapili hakuwa anatoka kanisani. Akabaki mmoja, rafiki yangu wa dawati moja, tuliyekaa naye ubao mmoja kila Jumamosi na kugawana hindi moja. Nilimtega. Nikampa habari ya uongo, kwamba kwenye filamu kulikuwa na simba, nikangoja susu aulize habari ya simba. Hakuuliza. Mtu mwenye akili angesema basi si yeye. Mimi nikasema: loo, mjanja huyu, ameujua mtego.

"Wewe ndiye unanichongea kwa susu," nilimwambia mbele ya darasa.

"Mimi? Susu yako naongea na yeye lini, na akiniona ananiambia nivae viatu?"

"Mdomo wako kama wa kware."

"Na wako unanuka maharagwe!"

Watu walicheka, na waliyemcheka ni mimi. Tulihama dawati. Hatukuongea tena mpaka shule ikaisha. Mwisho wa mwaka mtafsiri alienda zake, mashine ya video ikaharibika, na mimi sikurudishwa Kibwezi. Sikuelewa kwa nini. Nilikubali tu, kama mtu aliyesahauliwa mahakamani.

Juzi, nikiandaa orodha ya mhariri, binti yangu alinitafutia ile ya ndugu wawili kwenye mtandao. Nilimweleza kisima, upanga, filimbi. Filimbi ndiyo iliyotusaidia. Tukaitazama yote, na maandishi chini. Rafiki yangu, hakuna kisima. Hakuna kiangazi. Si ndugu hata kidogo. Ni mtu na bosi wake wa zamani, wanagombania kitabu. Binti yangu alinitazama kwa huruma ambayo bado sijaisamehe.

Nikaenda Matinyani nayo, kwenye kompyuta yangu ndogo. Susu bado yupo. Macho yameingia ukungu, anatofautisha mchana na kivuli tu, lakini vidole bado vinasuka. Sikuwa na nia ya kukiri chochote. Nilijiambia naenda kumsalimu, na filamu nitaitazama tena pembeni, nione kama nimekosea. Niliweka kompyuta kwenye kigoda, nikabonyeza.

Filimbi ikaanza. Vidole vya susu vikasimama.

"Hiyo," akasema, "si ni ile ya kaka aliyefukia kisima?"

Nikahisi kidole kikitumbukizwa kwenye mtungi.

"Susu, wewe umejuaje kisima?"

"Ai! Si yule mwalimu alikuwa anapiga kelele. Sisi tulikuwa huku, yeye huko. Ni mabati tu katikati."

Nilipata alama nzuri sana za jiografia darasa la sita. Niliweza kuchora ramani ya Afrika kwa kichwa. Lakini mwaka mzima niliingia kwa uchochoro wa nyuma, susu akaingia kwa mlango wa sokoni, na sikuwahi kuona kwamba ghala la nafaka na ukumbi wa video vilikuwa jengo moja lenye ukuta katikati. Akina mama wa kanisa walikuwa wanachambua ndengu kimya kimya, kimya ambacho mchungaji alikisifu mpaka madhabahuni, wakisikiliza.

"Na mimi, ulijua niko ndani?"

"Punda wangu alikuwa analia nje. Nani asiyejua sauti ya punda wake?"

"Mbona hukunirudisha Kibwezi?"

Alirudia kusuka kidogo, kama mtu anayetafuta alipoachia.

"Mwenye ghala alikuwa anafunga saa kumi na moja. Tunatolewa, na yule mwalimu bado anaongea. Kila Jumamosi nafika nyumbani sijui mwisho. Nikakungoja wewe. Nikakuuliza."

"Ulikuwa unanitega, susu!"

"Nilikuwa nakuuliza! Mke wa mzee wa kanisa aseme wazi, kavisi, hebu niambie mwisho wa video? Nikauliza kwa njia ya heshima. Na wewe: sijui, susu. Sijui, susu." Aliigiza sauti yangu ya utotoni vizuri kuliko ningeweza mimi. "Nikasema huyu mtoto ni mchoyo."

Nina simu ya kupiga Malili, ambako yule rafiki wa dawati sasa ana duka la mbegu. Bado nafikiria jinsi ya kuianza.

Ukumbi wenyewe haupo. Wanauza vifuniko vya simu hapo, na ukuta wa katikati umeondolewa. Mtafsiri alizikwa zamani na kipaza sauti chake sijui kilienda wapi. Hadithi zake hazikuandikwa popote. Zilikaa kwenye vichwa vya watoto waliokaa upande mmoja wa mabati na akina mama waliokaa upande wa pili, na vichwa hivyo vinapungua. Akina mama wengine wote wa kikundi kile wameshakwenda. Wamekwenda bila kujua miisho.

"Sasa iendeshe," susu akasema. "Mbona hakuna anayetueleza kama yule mwalimu?"

Kwa hivyo nikapunguza sauti, nikasogeza kigoda, nikatafsiri. Sikuwa na kipaza sauti. Nilimwambia huyu mwenye kofia ametoka Malili. Nilimwambia kuhusu kiangazi. Aliitikia kwa kichwa, akanirekebisha mahali pawili. Tukavuka saa kumi na moja yake, tukafika mwisho.

Kwenye picha, mdogo anainua upanga na kumchoma yule mwingine. Utotoni nilimwona akianguka kwa macho yangu haya, na mtafsiri akatuambia, bila hata kukohoa: "Anamwambia, chimba upya kwa mikono yako. Amechoka, amelala kidogo. Kesho ataanza." Wakati ule nilidhani hajaona vizuri. Leo najua aliona, na alijua pia ni nani waliokaa nyuma ya ukuta, ila hakujua kwamba wameshatolewa.

Upanga ukashuka. Mtu akapiga ukelele, na hata kwa sauti niliyoipunguza susu aliusikia.

"Anamwambia, chimba upya," nikasema. "Kwa mikono yako."

"Mbona analia hivyo?"

"Mchanga ni moto, susu."

Akaweka kiondo chini. Uso wake wenye ukungu ukageuka polepole, ukatafuta mahali sauti yangu ilipotoka, ukatulia hapo.

"Kavisi. Hivyo ndivyo ilivyoisha?"

"Ndiyo, susu."

Alinielekezea uso muda mrefu, ule muda wa Jumamosi, nami nikakaa nikingoja Kibwezi.