Robo Inchi ya Lowell Tiemann

Ukitaka kumuudhi Lowell Tiemann, mwambie kwamba kimo si kitu. Ila mwambie ukiwa umekaa mbali kidogo, kwa sababu huwa anaongea kwa mikono na kahawa yake haikosi kukumwagikia. Kwa miaka thelathini na mitatu kazi yake imekuwa kuzunguka vyuo vya Kansas, Nebraska na Oklahoma akisaka vipaji vya mpira wa Kimarekani kwa niaba ya klabu kubwa, na katika miaka hiyo yote hajawahi kumpendekeza mrushaji mfupi. Hata mmoja. Mrushaji ndiye anayepokea mpira na kuamua uende kwa nani, na humbidi aamue akiwa nyuma ya majitu matano ya kwao, huku majitu mengine yakija kumvunja. Lowell alikuwa na jibu moja tu: asiyeona juu ya vichwa vya wenzake akacheze gofu.

Sisi wa mji wa Tolliver tunajua kinachomsumbua. Lowell mwenyewe alikuwa mrushaji wa chuo chetu, na alikuwa mfupi. Tuliomwona hatutii chumvi tukisema kwamba alikuwa na mkono wa ajabu. Machi ya mwaka themanini na tisa, wasaka vipaji walikuja kuwapima vijana waliokuwa wanamaliza, kama wanavyokuja kila Machi. Kimo hupimwa asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, maana mtu akiamka huwa mrefu kuliko anapokwenda kulala. Kusimama na kukimbia kunamshusha. Kila mwenye kazi ile anajua, na vijana wajanja hushinda wamelala chali siku nzima kabla ya kipimo.

Mwaka ule theluji ilimchelewesha bwana wa kupima. Vijana wakakimbia kwanza, wakaruka, wakanyanyua vyuma, na saa tisa alasiri Lowell akasimamishwa ukutani akiwa hoi. Futi tano, inchi tisa na robo tatu. Klabu zote zilitaka kumi kwa uchache. "Pole, kijana," yule bwana akasema, "Mungu alikumaliza mapema." Wenzake wakaandika namba hiyo hiyo bila kuinuka kwenye viti, kwa sababu ndivyo mambo yanavyokwenda: mmoja anapima na kutaja kwa sauti, waliobaki wanaandika, na namba hiyo inakuwa ya wote.

Siku mbili za uteuzi, klabu zinapochagua vijana wapya na kuwapigia simu, Lowell alikaa jikoni kwao kando ya simu. Mama yake alipika sufuria kubwa ya maharage na nyama ya kusaga, akaoka mikate ya mdalasini kwa ajili ya majirani watakaokuja kushangilia. Simu ililia mara moja. Ilikuwa ni shangazi yake, akiuliza kama simu imelia.

Tangu hapo wimbo wake ukawa mmoja: kama wangenipima asubuhi. Aliuimba kanisani, aliuimba kwa kinyozi, aliuimba kwenye harusi yake mwenyewe. Mkewe, Darlene, alimwambia mwaka wa ishirini wa ndoa yao, "Lowell, mtu aliyekupima ameshakufa. Mwache apumzike."

Ungedhani mtu wa namna hiyo angekuwa mtetezi wa wafupi. Wapi. Kanuni ile ilikuwa dawa yake. Kama kimo ni kila kitu, basi yeye alikosa robo inchi tu, bahati mbaya, yamekwisha. Lakini kama kimo si kitu, basi waliomkataa walimkataa bure, na maisha aliyostahili yaliliwa na watu wengine. Hilo hakutaka kulisikia. Kila mfupi ambaye Lowell aliandika "hapana" mbele ya jina lake alimsaidia kulala.

Halafu akatokea Nico Barrientos.

Huyu alikuja kwenye chuo chetu hicho hicho, akavaa jezi ile ile ya Lowell, namba saba, akavunja rekodi za Lowell moja baada ya nyingine, na rekodi ya mwisho akaivunja huku akicheka. Mama yake anafanya kazi ya kukata nyama kwenye kiwanda huko magharibi, mwendo wa saa nne kwa gari. Watu walimpenda mno. Kwenye mgahawa wa hapa mjini picha ya Lowell, iliyokaa ukutani juu ya mashine ya kahawa kwa miaka thelathini na mitano, ilihamishiwa karibu na choo ili ya Nico ipate nafasi. Lowell aliiona siku moja akienda kunawa mikono. Akarudi mezani, hakumaliza mayai yake.

Nisimsitiri: ulikuwa wivu, wivu mtupu, ule unaomfanya mtu mzima achunguze matokeo ya mechi akiomba mtoto wa mwenzake afungwe.

Mwezi wa pili bosi wake mpya, Preston, kijana anayependa hesabu kuliko mpira, alimpigia simu. "Mzee Lowell, hizi habari za kimo zimepitwa na wakati. Wafupi wanacheza vizuri tu siku hizi. Huyu Barrientos wa kwenu tunamtaka. Mwenye klabu ameng'ang'ania kitu kimoja tu, asiwe chini ya futi tano na inchi kumi. Akifika kumi, tunamchagua. Asipofika, basi."

"Nani anapima?" Lowell akauliza, ingawa alijua. Tolliver alikuwa anapima yeye. Ni chuo chake, naye ndiye mkongwe wao, na hakuna msaka vipaji ambaye angethubutu kumpokonya kipimo.

Asubuhi ya kipimo alifika saa moja na nusu. Aliegesha gari nyuma ya ukumbi wa mazoezi, akazima injini, akabaki amekaa. Aliona kigari cha mizigo kikiingia, mlango wa nyuma ukafunguliwa, na Nico akateremshwa kutoka kwenye godoro kama kabati jipya, mama yake akimsaidia asijikunje. Alikuwa amesafiri saa nne zote kutoka kwao amelala chali.

Lowell akalitazama godoro lile, na roho ikamuuma. Yeye hakuwahi kutandikiwa godoro na mtu.

Akampigia Gus Pohlman, msaka vipaji wa klabu nyingine, rafiki yake wa miaka mingi na mtani wake. "Gus, nimepata pancha huku njiani. Anzeni na mbio. Nitawapima mwisho."

"Mwisho? We mzee, kimo mwisho?"

"Sasa nifanye nini, nije nikivingirisha tairi?"

Gus akacheka, akakubali. Lowell akateremsha kiti, akafumba macho, akakaa hapo hadi saa tano.

Alipoingia, walikuwa uwanjani kwenye kurusha. Alitaka asitazame, akatazama. Nico alikuwa hana haja ya kuona juu ya vichwa vya watu. Alisogea hatua moja kushoto, nusu hatua kulia, akapata upenyo kati ya mabega mawili, na mpira ukapita humo ukiwa umenyooka, ukamfikia mtu kifuani kabla hajageuka vizuri. Mara arobaini na tatu. Lowell alihesabu. Alijua hatua ile ya nusu. Aliigundua mwenyewe akiwa na miaka kumi na tisa, hakufundishwa na mtu, na alidhani ilikufa siku alipoacha kucheza.

Saa saba na nusu Nico akasimama ukutani, miguu mitupu, jasho likimtoka. Lowell akashusha ubao wa kipimo hadi utosini pake. Wasaka vipaji kumi na wawili walikuwa na kalamu mkononi.

"Futi tano," Lowell akasema kwa sauti, "inchi tisa na robo tatu."

Hakudanganya. Ndivyo ilivyosoma. Kalamu zikaandika. Gus akaangua kicheko. "Lowell, kama wewe kabisa. Chuo hiki kina kiwanda?"

Nico aliinama akachukua viatu vyake. "Sawa, kocha," akasema. Siku hizi vijana humwita kocha kila mzee aliyevaa kofia. "Asante kwa kunipima." Akaenda zake, ila alitembea kama mtu aliyebebeshwa gunia.

Lowell alitegemea furaha. Alikuwa ameisubiri tangu mwezi wa pili. Akajisikiliza, akaisikia kidogo, kama harufu ya chakula cha jirani. Kisha mama yake Nico akaja. Mwanamke mfupi, amevaa koti la kiwandani, mkononi ana chupa ya kahawa.

"Mzee Tiemann, mimi Yolanda, mama Nico. Tairi limepona?"

"Limepona, mama. Asante."

"Maana nilikuona asubuhi kule nyuma. Nikasikia humu ndani wanasema umepata pancha, nikaja na jeki. Nina jeki nzuri. Nikakuta umelala, sikutaka kukuamsha." Alimimina kahawa kwenye kifuniko cha chupa, akampa. "Nikazunguka gari nilitafute tairi lenyewe. Nikazunguka mara mbili."

Alimtazama tu, bila hasira, jinsi anavyotazamwa mtu aliyekwisha kujulikana. Halafu akaenda kumfuata mwanawe.

Lowell alishika kahawa ile bila kuinywa. Kwa miaka thelathini na mitano alikuwa amemlaani bwana mmoja aliyecheleweshwa na theluji. Theluji ya Mungu, si kosa la mtu yeyote. Na yeye leo, hewa ikiwa safi, barabara kavu, matairi yote manne mazima, alikuwa amelala garini makusudi kumfanyia mtoto wa Yolanda jambo lile lile. Yule bwana alikuwa na haki ya kupumzika kuliko yeye.

Aliwakuta wenzake kwenye maegesho wakipakia mizigo. "Kipimo cha Barrientos hakifai," akasema. "Namrudia kesho asubuhi."

"Kwa nini?" Gus akauliza.

"Kwa sababu hakukuwa na pancha. Nilikuwa hapa tangu saa moja na nusu."

Hakuna aliyecheka. Mmoja akafunga buti la gari polepole. Gus akaweka begi lake chini. "Lowell, tumeandika namba zako miaka thelathini bila kuinuka kwenye viti. Leo tisa, kesho kumi. Unataka tuamini ipi?"

"Msiamini yoyote. Baki wewe, upime wewe. Mimi nitasimama pembeni."

"Nina ndege saa kumi na moja."

"Najua."

Wengine waliondoka, na mpaka leo Lowell akifika mahali kupima, watu huinuka kwenye viti kuja kuangalia ubao. Gus aliapiza kidogo, akapiga simu kubadilisha safari.

Kesho yake saa moja na nusu asubuhi Nico alifika ukumbini akiwa kwenye godoro lake, na safari hii Lowell alishika pembe moja ya godoro kulitoa garini. Gus akapiga magoti kuhakikisha visigino vimegusa sakafu, akainuka, akashusha ubao.

"Futi tano, inchi kumi," akasema. "Kamili. Hana hata unywele wa ziada, lakini kumi ni kumi." Akatoka nje kuwapigia wengine.

Lowell naye akampigia Preston hapo hapo, akamweleza yote, la kipimo na la tairi. "Kazi yako tutaizungumza," Preston akasema. "Sasa niambie jambo jingine. Hujawahi kumtaka mfupi hata mmoja. Huyu unamtaka?"

"Namtaka."

"Kwa sababu zipi? Nipe kitu cha kumwambia mwenye klabu."

Lowell alimtazama Nico, aliyekuwa anafunga kamba za viatu upande wa pili wa ukumbi. "Nimewatazama warushaji miaka thelathini na mitatu," akasema. "Warefu, wazuri, waliokuja kuwa matajiri. Sikumwonea wivu hata mmoja. Huyu namwonea wivu mpaka chakula hakishuki. Mwambie hivyo."

Alipokata simu, Nico alikuwa amesimama karibu yake. Haikujulikana alikuwa amesikia kiasi gani.

"Kocha," Nico akasema, "mama ameniambia habari ya gari."

"Basi unajua."

"Najua. Nilitaka kukupiga ngumi. Mama akasema nikikupiga nitavimba mkono." Akageuka akautazama ukuta wenye ubao. "Na kocha wetu akaniambia habari yako ya zamani. Wewe walikupima alasiri."

"Alasiri, ndiyo."

"Umekwisha kupimwa asubuhi tangu siku ile?"

Lowell alifikiri. Mtu aliyepima watu maelfu, hakuwahi kusimama ukutani tena. Alivua viatu, akavua soksi, akaegemeza mgongo ukutani, visigino chini, kidevu sawa. Ilikuwa bado haijafika saa mbili. Nico akaushusha ubao hadi ukagusa upara wake, akainamisha uso kusoma, akakaa sana akisoma.

Lowell alijua anachokisoma. Mtu wa miaka hamsini na saba husinyaa, na ni yeye mwenyewe aliyewafundisha hilo vijana wa kazi yake. Angekuwa tisa, labda hata tisa haifiki.

"Futi tano," Nico akatangaza kwa sauti katika ukumbi mtupu, kama desturi ilivyo, "inchi kumi."

Lowell akatoka ukutani, akaanza kutafuta soksi zake, maana macho yalikuwa hayaoni vizuri. Kijana alikuwa na mkono, alikuwa na nusu hatua, alikuwa na mama mwenye godoro, na juu ya hayo aliweza kumpa mtu robo inchi ambayo mwenyewe alinusurika kunyimwa jana. Lowell akamwonea wivu hata kwa hilo.