Maoni ya Ndunge Kuhusu Sura ya Mwisho

Ndunge alikuwa anakaribia miaka hamsini aliporudi darasani. Kwa muda mrefu alishona sare za shule katika duka lake dogo pale Kiganjo, Thika, na kila aliyekuja kupimwa sketi au kupunguziwa suruali alijikuta akimwachia na shida zake. Mama ambaye mtoto wake amekataa shule, mwalimu aliyeachwa na mumewe, kijana aliyesimamishwa kazi: wote waliketi kando ya cherehani wakasema yaliyowasumbua. Pasta wake ndiye aliyemshauri. "Mama Ndunge," alimwambia, "hii kazi tayari unaifanya. Nenda uisomee, usije ukamuumiza mtu kwa kutojua." Ndivyo alivyojiandikisha kusomea ushauri nasaha kwenye chuo kimoja cha Ruiru, masomo ya wikendi.

Darasa lilikuwa na watu wa kila aina. Alikuwepo Viola, msichana mwenye maneno machache aliyeketi daima karibu na dirisha. Alikuwepo Jared, mwanamume wa kutoka Bungoma, huko magharibi, msimamizi wa zamu kiwandani na mzee wa kanisa, ambaye hakuwahi kuogopa kusema. Wote waliunganishwa na kilio kimoja, nacho kilikuwa kitabu cha makuzi ya binadamu. Kilianza na mimba kikaishia na uzee, na kilikuwa kinene hivi kwamba wanafunzi walikibatiza Tofali.

Jumamosi moja, mwalimu wao, Bwana Githae, alikiweka kitabu hicho mezani akawatazama.

"Chuo kinafikiria kukibadilisha," alisema. "Lakini mnaokisoma ni ninyi. Nataka kusikia maoni yenu, na mseme ukweli. Hakuna atakayepoteza alama."

Jared alikuwa wa kwanza. "Mwalimu, mimi nitasema wazi. Mtoto wa hiki kitabu ako na chumba chake, ako na mbwa wake, na wazazi wawili wanaomsomea hadithi akienda kulala. Mimi nililelewa na nyanya yangu, tukiwa wajukuu tisa kwa nyumba moja. Nimesoma hadi katikati nikitafuta mahali nyanya yangu ametajwa. Hayuko."

Watu walicheka, wengi wakitikisa vichwa kukubali. Kisha Viola akainua mkono.

"Ni kweli kiko mbali na sisi," alisema polepole. "Lakini kuna ile sura ya mtoto mchanga na yule anayemlea. Mamangu aliniacha kwa auntie nikiwa mdogo sana. Nimekuwa nikijiona mtu mbaya, kwa sababu simsikii moyoni vile watu husikia mama zao. Hapo nikasoma kwamba mtoto hushikamana na yule anayemshika. Siku hizi mamangu akinipigia simu, nashika. Tunaongea vizuri tu."

Bwana Githae akamgeukia Ndunge. "Na wewe, mama?"

"Mimi sijamaliza," alijibu Ndunge. "Sura ya mwisho, ile ya uzee, niliiruka."

"Kwa nini?"

"Niko na mzee kwa nyumba. Nilidhani hiyo naijua."

Mwalimu alitabasamu. "Basi isome, halafu uje utuambie kama inafaa kitu. Maoni yako nitayangoja."

Mzee huyo alikuwa baba yake, Makau. Tangu mkewe afariki, alikuwa ametoka shambani kwake upande wa Kilimambogo akaja kukaa na bintiye. Alimwita Mwaitu, yaani mama, kwa kuwa Ndunge alipewa jina la nyanya yake, mama mzazi wa Makau. Alikuwa mzee mpole asiye na makuu, ila alikuwa na hadithi moja ambayo aliirudia karibu kila juma. Katika ujana wake alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge. Siku moja ya mvua panga liliteleza likampasua mguu. Jamaa mmoja akamfunga kwa shati lake, akampakia kwenye keria ya baiskeli, akaisukuma kwenye matope kuelekea hospitali ya Thika. "Tukafika kwa daraja," Makau angesema, na hapo angenyamaza, akatazama mikono yake. Hadithi haikuwahi kuvuka lile daraja. Ndunge aliamini kuwa baba yake husahau mwisho wake, na mara nyingi alimkata katikati: "Baba, hiyo umeshatuambia."

Alipoisoma sura ya uzee, ilimchoma. Kitabu kilisema kwamba mzee anayerudia jambo moja si lazima awe amepoteza kumbukumbu. Huenda anayapanga maisha aliyoishi ili aone kama yalikuwa mema, naye anayemsikiliza atazame hadithi inakatikia wapi. Ndunge alifunga kitabu akiwa na aibu. Ni watu wangapi aliowasikiliza dukani kwa subira, halafu akaja nyumbani kumnyamazisha aliyemzaa?

Jumapili baada ya chakula, Makau alianza tena. Safari hii Ndunge aliweka kando vyombo, akavuta kiti karibu.

"Tukafika kwa daraja," akasema mzee, akanyamaza.

"Na baada ya daraja, Baba?"

Makau alimtazama kana kwamba hakulitarajia swali hilo. "Baada ya daraja sijui, Mwaitu. Nilizimia. Nilipofungua macho nilikuwa kwa kitanda cha hospitali, na mguu wangu uko. Anayejua ni Erastus."

"Erastus ndiye nani?"

"Ndiye huyo jamaa. Erastus Wafula. Niliporudi shambani nikaambiwa amefiwa, amerudi kwao magharibi. Nilingoja arudi. Hakurudi." Alikipapasa kile kikovu mguuni. "Hata asante sijawahi kumpa."

Ndunge alitaka kumwambia kwamba Mungu anaijua shukrani yake, ayaache yapite. Hayo ndiyo maneno aliyozoea kuwapa watu. Aliyameza. Badala yake aliuliza Erastus alikuwa mtu wa namna gani, na baba yake akazungumza hadi chai ikapoa: jinsi Erastus alivyokuwa mrefu, jinsi alivyopenda ugali wa mtama, jinsi walivyofundishana lugha za kwao wakikata mkonge.

Jumamosi iliyofuata, wakati wa mapumziko, Ndunge alimweleza Jared. Hakuwa na matumaini makubwa, lakini alijua watu wa magharibi walioko Thika wana vyama vyao vya kusaidiana kwenye misiba, na Jared alikuwa mmoja wa viongozi.

"Wafula ni wengi kama mchanga," alisema Jared. "Lakini Erastus wa mkonge, huyo tunaweza kumuulizia."

Alimuulizia kanisani, akamuulizia kwenye mkutano wa chama. Wiki kadhaa zikapita. Kisha akampigia Ndunge simu. Erastus alikuwa hai. Baada ya kumzika baba yake alikuwa amekaa kwao miaka michache, halafu akarudi kutafuta kazi, akaajiriwa kwenye kiwanda Thika na kustaafu humo. Sasa alikaa na bintiye, Nakhumicha, mtaa wa Kamenu. Wazee hao wawili walikuwa katika mji mmoja.

Siku ya kwenda Kamenu, Makau alivaa koti alilovaa kwenye harusi za wanawe. Nakhumicha aliwapokea mlangoni, "Karibu baba, karibu dada," akawaongoza hadi sebuleni, ambako mzee mrefu mwenye macho yaliyofifia alikuwa ameketi akiielekezea sikio sauti ya nyayo.

"Ni nani?" aliuliza.

"Ni Makau. Wa mkonge. Yule wa mguu."

Erastus alinyoosha mkono, ukagusa goti la Makau, ukashuka hadi ulipokipata kikovu kupitia kitambaa cha suruali.

"Wewe ulikufa," alisema.

"Sikufa."

"Nilikuacha kwa mlango wa hospitali, nesi akaniambia damu imeisha. Asubuhi nikapata habari ya baba yangu, nikaondoka. Hata niliporudi huku sikuuliza. Niliogopa kuambiwa."

"Nimekuja kukushukuru," alisema Makau. Erastus alimshika mkono, wakakaa hivyo, hakuna aliyeharakisha mwenzake.

Ndipo Erastus akasimulia yaliyotokea ng'ambo ya daraja. Mnyororo wa baiskeli ulikatika. Aliitupa baiskeli pembeni, akambeba Makau mgongoni hadi walipokutana na mkokoteni wa punda wa muuza maji, ambaye alimwaga maji yake yote barabarani ili wapate nafasi. "Na ulikuwa unanitusi Kikamba njia nzima hadi ulipozimia," aliongeza. "Maneno yote ya kwetu niliyokufundisha, hukutumia hata moja." Makau alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Jumamosi iliyofuata Ndunge alisimama mbele ya darasa.

"Mwalimu, kitabu kisiondolewe," alisema. "Bila hicho ningeendelea kumnyamazisha baba yangu. Lakini kuna kitu kimekosea. Kinasema mzee huangalia nyuma apate kujihukumu, aone kama ameishi vizuri. Baba yangu hakuwa anajihukumu. Alikuwa anatafuta mtu. Kwetu mzee hawezi kupumzika kama kuna aliyemtendea wema na hajamwambia asante. Hilo kitabu hakijalijua."

Jared, aliyekilaumu kitabu kuliko wote, ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Kwa idhini ya chuo, Bwana Githae aliamua kitabu kibaki, ila kila mwanafunzi aongeze kisa kimoja cha hapa nyumbani, baada ya kuwaomba ruhusa wenyewe. Ndunge alipohitimu, Makau na Erastus walikaa safu moja, Nakhumicha akimsimulia baba yake anayoyaona. Siku hizi Ndunge hufunga duka mapema Jumatano na kwenda kwenye ukumbi wa kanisa kukaa na wazee wa mtaa. Huwapikia chai, kisha huketi. Na mzee akianza jambo ambalo wote wamekwisha kulisikia, Ndunge humuuliza ni akina nani wengine waliokuwepo siku hiyo.