Dirisha la Buluu la Kanisa Letu

Nilikwenda Jeddah kwa sababu Mghoi alinikatia simu. Miezi mingi tulikuwa tukiongea vizuri, mimi dereva huku Al-Malqa, Riyadh, yeye mfanyakazi wa ndani kule Jeddah, mpaka nikamwambia nataka tuoane. Wanaume wanaojiita watu wa kwao Taita amechoka nao, kwa hiyo akanipa mtihani. "Kama kweli umekulia kanisa letu la mawe, dirisha la buluu liko upande gani?" Nikajibu kulia. Akasema ni kushoto, halas, nisimpigie tena.

Jumatano asubuhi bosi akaniambia, "Yalla, tunakwenda kwa dada yangu Jeddah." Furaha ilinipanda kichwani hata nikatia gari rivasi badala ya kwenda mbele.

Njiani jangwa halikubadilika, basi nikawa nalijenga lile kanisa upya akilini. Mawe yake wazee waliyabeba mgongoni kutoka mtoni. Kuta ni nene, ukinyoosha mkono dirishani haufiki nje. Kengele ni kipande cha reli kilichotundikwa mlangoni, na kikigongwa kwa nondo kinasikika bonde la pili. Na dirisha liko kulia, jamani, hilo ningeapa. Karibu na Makka tukashika barabara ya kuzunguka mji, kwa ajili yangu nisiye Mwislamu, na bosi akaniuliza mbona nazungumza peke yangu. Nikamwambia nasali.

Jeddah tulifikia Al-Rawdah. Ijumaa alasiri nikapewa ruhusa, nikachukua teksi mpaka Sharafiya. Nilikuwa nimemtumia Mghoi ujumbe, naye akakubali kuja mkahawani kidogo tu, auone uongo wangu kwa macho yake. Alikuwa mzuri kuliko picha, na amenuna kwelikweli. Mimi nilikuwa natabasamu kama mwendawazimu.

Alipoketi mbele yangu nikalijenga kanisa mezani. Sahani ya wali, upande wake, ikawa madhabahu. Glasi zikawa nguzo. Chupa ya maji, yaani dirisha, nikaiweka mkono wangu wa kulia.

"Mimi nilikaa hapa na nyanya yangu, nyuma ya nguzo," nikasema. "Wewe je?"

Akaweka kijiko kando ya sahani. "Mama aliongoza kwaya. Mimi nimelelewa kwenye benchi la kwaya."

"Mkitazama wapi?"

"Tukitazama watu."

Kisha akainuka, akazunguka meza, akaketi upande wangu na kuitazama sahani. Chupa ilikuwa kulia. Tulicheka mpaka mwenye mkahawa akaja kuuliza wali una nini.

Jumapili tulirudi Riyadh. Niliimba njia nzima, bosi akasema mafi nyimbo, hakuna kuimba, nikaendelea kwa kuvumisha puani. Nimejifunza kwamba miaka yote ile msichana huyu alikuwa mbele yangu kila Jumapili, na nguzo ndiyo iliyonizibia.

Nilipofika nilikuta ujumbe wake wa sauti.

"Siku ya ndoa nitasimama nawe, dirisha liwe kulia. Siku hiyo moja tu. Jumapili inayofuata narudi kwenye kwaya, na wewe usikae tena nyuma ya nguzo."