Mgeni Aliyejitandikia Kitanda

Saa mbili kasorobo asubuhi, Waithira anabisha hodi kwenye nusu ya chini ya mlango. Nusu ya juu iko wazi.

Ndivyo ilivyo milango ya upande huu wa hoteli. Imekatwa katikati, kwa sababu waliokuwa wakilala humu zamani walikuwa farasi, na farasi hupenda kutoa kichwa nje. Siku hizi hulala wauza mbegu, makarani wa serikali na mapadri walio safarini. Waithira anangoja, hasikii kitu, anafungua komeo kwa mkono wa kushoto huku mashuka safi yakiwa juu ya bega la kulia.

Akishaingia, havuti shuka mara moja. Anasimama na kukitazama kitanda kama mtu anayesikiliza uongo. Kisha ndipo anapokigusa.

"Zamani nilikuwa naingia tu, natandika, natoka," anasema. "Siku hizi lazima niangalie kwanza. Kitanda iliniletea maneno hapa."

Hoteli hii iko katikati ya mji wa Nyeri. Ina jina la Kiingereza kwenye kibao, lakini wenyeji huiita Zizini. Ilijengwa na mlowezi mmoja enzi za magari ya kukokotwa, yale yaliyobeba barua na abiria kuelekea Nanyuki. Wanyama walipumzishwa hapa, na waliowapanda wakapata supu na kitanda. Mawe ya uani bado yana mifereji iliyochimbwa na magurudumu.

Ukumbini zimetundikwa picha za farasi wale, kila mmoja na jina lake chini. Ya watu waliowasugua na kuwalisha haipo hata moja. Baba yake Waithira alikuwa miongoni mwa waliowasugua.

Yeye mwenyewe ana miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Tetu, mjane. Anakaa Ruring'u na huja kazini kwa miguu. Mshahara wake ni shilingi mia mbili na kumi kwa mwezi, na kwa mshahara huo amemsomesha bintiye wa pekee, Warigia, hadi akawa muuguzi katika hospitali ya misheni upande wa Meru.

"Shamba sina. Ndugu za marehemu walichukua," anasema bila kupunguza mwendo wa mikono. "Shamba yangu ni hii kazi."

Mtu akishajua hilo, ataelewa kwa nini mwaka jana, 1974, Waithira alikaribia kupata wazimu.

Uvumi uliingia uani kama moshi. Ilisemekana kwamba mama wa Kizungu mwenye hoteli amezeeka, anataka kurudi kwao, na matajiri wa Nairobi wanamfuata wainunue. Aliyeuleta uvumi huo ni Wamae, dobi wa hoteli, mtu ambaye maji ya sabuni hayajawahi kuupoza ulimi wake.

"Mama Warigia, watatuma mtu," Wamae alimwambia wakiwa kwenye kamba za kuanikia. "Atakuja hapa kama mgeni, akule kama mgeni, alale kama mgeni. Kumbe anaangalia nani mzee, nani mvivu, nani afutwe."

"Nani alikuambia?"

"Ati nani aliniambia! Wewe ngoja tu. Utamjua kwa macho."

Uhuru una zaidi ya miaka kumi, na bado mfanyakazi wa hoteli hii alikuwa akisikia habari za riziki yake kwenye kamba ya nguo.

Wiki ile ile akaja Mutwiri.

Alikuwa kijana mrefu mwenye koti la kahawia na kofia, akaomba chumba kwa wiki mbili. Alimwambia meneja, Bwana Peterson, mwenyeji wa Nyeri, kwamba ni mpima maziwa wa chama cha ushirika huko Chuka, na kwamba amekuja kwa mafunzo. Akapewa chumba cha mwisho cha zizi, kinachotazamana na kamba za nguo.

Asubuhi ya kwanza Waithira alifungua mlango akakuta kitanda kimetandikwa. Shuka limenyooka, blanketi limekunjwa pembeni, mto umewekwa katikati. Akadhani mgeni hakulala. Akagusa godoro, bado lina joto.

Siku ya pili, vilevile. Ya tatu, mgeni alikuwa amekunja hata mashuka machafu na kuyaweka nje ya mlango, kama mtu asiyetaka mguu wa mtu mwingine uingie ndani.

"Mimi nimetandika vitanda hapa tangu bendera ibadilishwe," anasema. "Nimeona walevi, nimeona maharusi, nimeona mkubwa mmoja alikojoa kitandani akasema ni chai. Lakini mgeni analipa pesa halafu anajifanyia kazi? Huyo anataka kuonyesha mtu kwamba mimi sihitajiki."

Kulikuwa na zaidi ya hapo. Mutwiri hakumwamkia. Waithira alipokatisha uani, kijana aligeuka upande wa pili. Walipokutana kwenye ngazi ya ukumbi, alirudi nyuma ghafla na kujifunika uso kwa gazeti. Lakini alasiri, akisharudi kutoka mafunzoni, aliketi nyuma ya ule mlango wa nusu, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, akamtazama anavyoanika na kukunja.

"Mtu mzima haamkii mtu wa rika ya mama yake," Waithira alimlalamikia Wamae, "halafu anamwangalia kama polisi?"

Wamae akanyonya meno. "Na si hiyo tu. Jana aliniuliza juu yako."

"Alikuuliza nini?"

"Ati yule mama anakunywa pombe? Ati ako na hasira? Ati akikasirika anatukana watu ama ananyamaza?"

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia unanyamaza. Si nilikusaidia?"

Waithira alinyamaza kweli, siku nzima. Usingizi ukampaa. Alipiga hesabu ya maisha yake bila kazi na kila mara aliishia mlangoni kwa ndugu za marehemu, ameshika kikapu. Akajiapiza kwamba kama ni kufutwa, atafutwa akijua sababu. Kijana huyo anaficha kitu, na kinachofichwa na mtu asiyetaka kitanda chake kiguswe kitakuwa wapi, kama si kitandani?

Alhamisi, Mutwiri alipokwenda mafunzoni, Waithira aliingia, akafunga nusu zote mbili za mlango na kufumua kitanda chote. Alikung'uta blanketi, akapapasa mto, akainua godoro na kuchungulia hadi kwenye kamba za kitanda. Alichokuta ni vumbi. Begi lilikuwa wazi juu ya kiti. Akalitazama, mkono ukasogea, ukarudi.

"Begi sikugusa," anasema, na hapa sauti yake inakuwa kali. "Andika hivyo. Begi sikugusa."

Basi akakitandika kitanda upya. Na kwa kuwa mikono ina mazoea yake, alikitandika kama anavyotandika vyote, pembe zimebanwa chini ya godoro, ukingo wa shuka umegeuzwa juu ya blanketi upana wa kiganja.

Saa nane Mutwiri alirudi. Alifungua mlango, akatia mguu mmoja ndani, akautoa kama aliyekanyaga siafu.

"Nani amegusa kitanda yangu?"

Wamae aliinamia karai. Bwana Peterson akatoka ofisini mbiombio, tai imepeperuka begani, maana katika kipindi kile kila mgeni aliyepaza sauti alikuwa kwake kama mnunuzi.

"Kuna kitu imepotea, bwana?"

"Hakuna kitu imepotea. Nauliza ni nani ametandika hii kitanda."

"Ni mimi," Waithira akasema. Alikuwa amesimama kando ya kamba, bado ameshika vibanio vya nguo. "Ni kazi yangu. Na wewe sema kazi yako. Umetumwa na nani?"

"Mama Warigia!" Peterson akamaka. "Unaongea hivyo na mgeni? Uliingia ukafanya nini?"

"Niliingia nikatafuta. Huyu ni mpelelezi. Anauliza watu juu yangu, anakaa hapo ananitazama kama mwizi. Kama mnanifuta, nifuteni leo, nijue."

Peterson akafuta jasho. Sheria ya hoteli ilijulikana na kila mtu: mfanyakazi akipekua chumba cha mgeni hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Akamgeukia kijana. "Bwana, hii ni makosa kubwa. Wewe ukisema tu neno moja, huyu mama anaenda."

Mutwiri alikuwa amegeukia ukuta. Kofia ilikuwa mkononi sasa, na mgongo wake ndio uliojibu.

"Mwambie huyo mama mimi sina kesi na yeye."

"Si yuko hapa? Mwambie wewe."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Ni mama ya mtu."

"Kila mama ni mama ya mtu, bwana!"

"Ni mama ya Warigia," kijana aliuambia ukuta. "Wazee wetu wanakuja kwao kuposa mwezi ujao. Sasa ametandika kitanda yangu. Mimi nitalala wapi?"

Kwa msomaji wa mbali, hapa panahitaji maneno mawili. Kwa Wakikuyu, na kwa jirani zao wa Chuka na Meru, kuna heshima ya haya inayoitwa thoni kati ya mume na mama mkwe. Mkwe halali nyumba moja na mama wa mkewe, na mama huyo hagusi mahali mkwe anapolala. Hata kukutana uso kwa uso njiani huepukwa. Mutwiri alikuwa akitandika kitanda kila asubuhi ili mkono wa Waithira usifike pale, na alikuwa akikimbia ngazi na kujificha kwa gazeti kwa sababu hiyo hiyo.

Wamae alicheka hadi akaketi juu ya kikapu cha nguo chafu. Peterson, ambaye naye ni mkwe wa watu, alirudi nyuma hatua kadhaa bila kuambiwa. Waithira alivuta kitambaa cha kichwa kikamfunika uso, akaondoka kwa kuufuata ukuta wa jikoni.

"Nilitaka ardhi ipasuke," anasema. "Warigia alikuwa ameniambia kuna mtu. Jina hakusema. Alisema wazee watakuja kuniambia, na hiyo ni haki. Sasa mimi nitajuaje mtu mwenyewe amelala kwa kitanda yangu?"

Lakini aibu haikumaliza shaka yake. Kesho yake asubuhi shaka hiyo iliamka mapema kuliko yeye. Mji wa Nyeri una vyumba vya kulala kila kona, tena vya bei nafuu. Kwa nini kijana aje hapa hasa? Kwa kuwa hawakuweza kusemezana, alimtuma Wamae.

"Muulize alikuja kulala ama kuniangalia."

Wamae alikwenda, akarudi ameuma midomo. "Anasema baba yake alimwambia, kabla ya kuchukua ndama, simama kwa ua uangalie mama yake. Anasema alifikiri unafanya kazi jikoni. Vile alijua ni vitanda, alikuwa amelipa tayari."

"Mimi ni ng'ombe?"

"Anasema pole. Anasema pia alipenda vile unafanya kazi."

"Rudi umwambie sikumuuliza kama alipenda."

Kwa hiyo Waithira alikuwa amesema kweli: mpelelezi alikuwepo. Alichokosea ni nani aliyemtuma tu.

Mutwiri alihamia chumba cha kupanga mtaa wa Majengo, nyuma ya msikiti, na Peterson akamlilia mgeni wa wiki mbili aliyefukuzwa na tandiko zuri. Wazee walipokutana, walisema mbuzi mmoja achinjwe, neno liishe. Hawakujadili sana nani mkosaji, kwa kuwa nyama ilikuwa tayari motoni.

Na wanunuzi? Walikuja Januari, mchana kweupe, watu wanne ndani ya Peugeot jeupe. Walitembea uani, wakagonga mbao za milango, wakaulizia bomba la maji. Hakuna aliyemuuliza Waithira hata jina lake. Kabla ya kuondoka walimwambia Peterson kwamba wafanyakazi wote watabaki kwa sasa.

"Kwa sasa," Waithira anarudia. Anayatafuna maneno hayo kama kipande cha muwa kisicho na maji. "Wewe umesoma. Kwa sasa ni mpaka lini?"

Peterson alipoulizwa na gazeti hili, alisema kazi ya mama huyo haina hatari, kisha akaomba neno hilo lisiandikwe. Limeandikwa.

Warigia anatarajiwa kuolewa Desemba. Mama yake hajatoa neno la mwisho, na hatalitoa mpaka amalize jambo moja. Ameomba likizo ya Agosti, likizo yake ya kwanza ya kusafiri tangu aajiriwe. Anakwenda kuzunguka mlima hadi Chuka, amwone mama yake Mutwiri akiwa shambani kwake, bila taarifa.

"Wao walimtuma mtoto. Mimi nitaenda mwenyewe," anasema. "Kama ni mtu wa kazi, tutaelewana. Kama ni mtu wa kutuma wengine, Warigia yuko na mshahara yake, hana haraka."

Kwa akina Mutwiri hawezi kulala, thoni hairuhusu. Atalala hotelini Chuka mjini, na fedha ameanza kuziweka. Hajawahi kulala katika hoteli yoyote, hata hii ambayo vitanda vyake vyote vimepita mikononi mwake.

Anabana pembe ya mwisho ya shuka, anapiga mto mara moja, anarudi nyuma hadi mlangoni.

"Nitalipa kama watu," anasema. "Asubuhi nitaamka, niache kitanda vile iko, nitoke nje nikunywe chai. Atakuja msichana wao kutandika. Nitamwamkia kwanza, nimwambie jina langu na mahali nimetoka, ndio asianze kufikiria mambo."