Egetinge Kilichopungua

Nilipokuwa mtoto wa kidato cha pili niliapa uongo. Niliapa mchana kweupe, mkono wangu ukiwa juu ya mti, wenzangu wakinitazama, na kwa sababu ya kiapo hicho msichana mwingine aliondoka shuleni. Nalitanguliza hilo ili usije ukanihurumia njiani kabla hujajua unamhurumia nani.

Shule yetu ilikuwa ya wasichana, ndogo, juu kidogo ya barabara ya Keumbu, imezungukwa na majani chai upande mmoja na migomba upande mwingine. Tulilala pale pale bwenini. Muhula wa pili ulikuwa muhula wa tamasha za muziki, na mwaka huo tulicheza ngoma ya harusi ya Kigusii. Mwalimu wetu, Bwana Ombati, alikuwa mtu wa kuchoka haraka na kufurahi haraka.

"Mwaka jana mlifunga vifuniko vya soda miguuni," alituambia. "Majaji wakacheka mpaka wakafuta machozi. Mwaka huu nataka ebitinge. Vya kweli. Nani ana nyanya mwenye ebitinge?"

Ebitinge, kimoja egetinge, ni zile pete za chuma ambazo bibi arusi wa zamani alivishwa miguuni. Akishavishwa, amefungwa na nyumba ya mumewe, havitoki ovyo. Siku hizi ni wachache walio navyo. Mimi nikainua mkono haraka, kabla hata ya kufikiri.

"Magokoro yuko navyo, mwalimu."

Magokoro ni nyanya, kwa lugha yetu. Wenzangu waligeuka wote kuniangalia, na nilisikia utamu. Kusema kweli, nilidhani atakayeleta ebitinge ndiye atakayekuwa bibi arusi.

Magokoro alivitoa kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, vimeviringishwa kwenye kitambaa. Vilikuwa vya mama mkwe wake. Vinane, vinne kila mguu, vyembamba, vyeusi kwa uzee. Alinishika mkono kabla ya kunipa.

"Omwana one, mwanangu, hivi si vya mchezo. Avae msichana mmoja, mbele ya watu, na vikitoka vitoke vyote pamoja. Msichana akijificha navyo peke yake, kimoja hakitarudi. Na kikikosa kurudi kimoja, kuna binti atatoka mahali pake, naye hatarudi."

"Sawa, Magokoro."

"Siyo sawa ya mdomo."

"Sawa, Magokoro."

Ilikuwa ya mdomo. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, sisi ni watu wa Sabato, na nyumbani tulifundishwa kwamba mambo hayo ni giza la zamani. Nilibeba mkebe nikitabasamu.

Basi Bwana Ombati akamchagua Kemunto kuwa bibi arusi. Kemunto alitoka Magwagwa, alilelewa na shangazi yake baada ya mama yake kufariki. Alikuwa na sauti. Akianza wimbo hata wapishi walitoka jikoni na miko mikononi. Naye alikuwa mtu wa kanisa kuliko mimi, lakini bila kelele. Mwalimu akasema bibi arusi ndiye atakayetunza mkebe, na ukalala chini ya kitanda chake. Vitu vya nyumbani kwetu, vinalala chini ya kitanda cha mtu wa Magwagwa! Wivu ule ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku moja, Kemunto akiwa anaanika nguo, niliuchukua mkebe nikaenda nao chooni. Ndipo mahali pekee palipokuwa na mlango wa kufungwa. Nilivivaa vyote vinane. Nikatikisa mguu. Vililia vizuri, sauti ya chini, kama watu wazima wanaongea chumba cha pili. Nilitikisa tena na tena, nikajiona nimekuwa mtu. Halafu kengele ya uji ikalia.

Nilivivua kwa pupa. Cha mwisho kilikwama kwenye kisigino. Nikakivuta, kikaruka, kikagonga sakafu mara moja, kikabingirika. Nilikifuata kwa mkono. Kiliingia kwenye shimo mbele ya vidole vyangu, na sikusikia kikifika chini.

Nilirudisha mkebe ukiwa na saba. Nikaenda kunywa uji.

Jioni wakati wa mazoezi Kemunto alivihesabu, akahesabu tena, akaja kwangu na macho yamejaa.

"Moraa, ni saba."

"Hesabu vizuri."

"Nimehesabu. Nisamehe, dada. Vilikuwa chini ya kitanda changu."

Aliniomba mimi msamaha. Hapo mlango ulikuwa wazi, ningesema neno moja tu. Badala yake nilisema, "Sasa mimi nitamwambia nini Magokoro?" Nimesahau mengi ya shule, hesabu na jiografia yote imekwenda, lakini maneno hayo yangali mdomoni mwangu.

Kapteni wa ngoma alikuwa Bosibori wa kidato cha tatu, msichana wa sauti kubwa na kicheko cha karibu. Alisema tusimpelekee mwalimu, maana atafuta safari ya tamasha.

"Haya mambo tutayamaliza kienyeji. Kuna omotembe pale kwa ua. Kila mtu aende aape, basi. Emuma itajua wenyewe."

"Wee Bosibori, emuma si mchezo," mmoja akasema.

"Kwani umechukua? Kama hujachukua, unatetemekea nini?"

Omotembe ni ule mti wa maua mekundu na miiba. Wazee wetu waliapia pale. Ukiapa uongo, emuma, yaani laana ya kiapo, inakufuata, lakini haikuli wewe kwanza. Inaanza na walio wako: mama, ndugu, mtoto wako ambaye hata hajazaliwa. Na anayekula sahani moja na mwenye emuma, inampata naye. Hayo tuliyajua wote, wa Sabato na wa Katoliki, hata wale waliokuwa wakicheka.

Tulipanga mstari. Nilijiambia mimi nimebatizwa, mti huu hauwezi kunishika. Mama yangu wakati huo alikuwa mjamzito, tumbo la miezi saba. Nilimkumbuka nikiwa nimebakiza watu wawili mbele yangu. Miguu ilitaka kutoka kwenye mstari, lakini nikitoka, si watajua? Nikafika. Nikaweka mkono. Gome lilikuwa na joto la jua.

"Kama nimechukua egetinge, emuma inile mimi na nyumba ya mama yangu."

Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Wengine walitetemeka, wasio na hatia.

Kemunto alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele ya mti, mikono nyuma.

"Mimi siapi."

"Ati nini?"

"Yesu alikataza kuapa. Niulizeni tu, nitawajibu. Sikuchukua."

"Aa, mtakatifu wa Magwagwa!" Bosibori akapiga makofi. "Mkono ukiwa safi, mti utakufanya nini?"

"Siuogopi mti. Sitaki kuuapia, basi."

"Hebu mwangalieni. Hata Moraa mtoto wa mzee wa kanisa ameapa!"

Wote wakaniangalia, na mimi nikaangalia maua. Kwetu anayekataa kuapa amekwisha kukiri. Ndivyo ilivyo. Kwa hiyo yule aliyemtii Mungu akawa mwizi, na mimi niliyemkana nikawa shahidi wa kumwonyesha jinsi ya kuapa.

Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana tena. Waliacha tu kula naye. Wasichana waliolala kando yake walivuta magodoro yao. Alipoweka sahani ya githeri mezani, meza iliondoka. Kikombe alichonywea uji kiliachwa peke yake kwenye karai, hakuna aliyetaka kukishika. Na akiwa mazoezini, akianza wimbo, hakuna aliyeitikia. Umewahi kusikia mtu akiimba wimbo wa kuitikiwa, na usiitikiwe? Alimaliza ubeti, akangoja, akaanza wa pili.

Nilitaka kusema. Naapa... hapana, siapi tena. Nasema tu nilitaka. Lakini nikisema nilichukua, nimesema pia niliapa uongo, na emuma iko tumboni kwa mama. Na baba angesimama vipi mbele ya kanisa, binti yake ameapia mti? Siku moja nilifika mpaka mlango wa chumba cha walimu. Bwana Ombati akainua kichwa.

"Enhe, Moraa. Unataka nini?"

"Chaki, mwalimu."

Akanipa chaki. Nilitembea nayo mkononi siku nzima mpaka ikawa unga.

Mara ya mwisho tuliongea kwenye bomba la maji. Nilikwenda kufua karibu naye, nikifikiri labda nikikaa tu hapo itasaidia kitu. Alisogeza karai lake mbali.

"Moraa, usikae hapa. Watakutenga na wewe."

"Acha wanitenge."

Alisugua nguo kidogo. "Wewe uliapa, sivyo?"

"Niliapa."

"Basi Mungu amlinde mama yako."

Mpaka leo sijui alisema vile kwa kujua au kwa wema tu. Nimeyageuza maneno hayo kila upande, miaka yote hii, na hayanipi jibu.

Katikati ya muhula shangazi yake alikuja. Alikuwa amesikia, habari za emuma hazihitaji barua. Alisimama langoni bila kuingia. Kemunto alipita katikati ya uwanja na godoro kichwani na sanduku mkononi, na kwa sababu mikono yake haikutosha, kiatu kimoja kilianguka. Sote tulikiona. Nilikuwa karibu zaidi. Hakuna aliyekiokota, hata mimi. Alishusha sanduku, akakiokota mwenyewe, akaendelea.

Bwana Ombati aliniweka mimi kuwa bibi arusi. Nilicheza na saba, vinne mguu wa kulia, vitatu wa kushoto. Hatukupata kitu.

Mama alijifungua salama, mtoto wa kiume mwenye afya, anapiga kelele mpaka leo. Kila alipokohoa nilikimbia kumtazama, lakini hakuna lililotokea. Utadhani nilifurahi. Nilikaa nikingoja, kama mtu aliyeambiwa akae kwenye benchi ataitwa, na hajaitwa.

Likizo nilimrudishia Magokoro mkebe. Alifungua kitambaa, akapitisha kidole, kimoja kimoja, hadi cha saba. Hakuniuliza kimepotelea wapi.

"Nani ametoka?" akasema.

"Msichana mmoja wa Magwagwa."

Alifunga kitambaa, akafunga mkebe. "Wewe utabaki nalo, omwana one. Mimi sina dawa ya hilo." Nilitaka anikaripie. Akaenda kuangalia jiko.

Sasa mimi ni mama, tena mtu wa kawaida tu, sikufika mbali na masomo. Siamini chuma kina nguvu ya kumtoa mtu mahali pake. Naamini tulimtoa sisi, kwa meza zetu na magodoro yetu, na mimi nikiwa wa kwanza. Lakini Magokoro alisema atatoka binti, na akatoka. Alisema hatarudi, na hakurudi. Hapo akili yangu inasimama. Nilitubu mbele ya mchungaji, akaniombea, akasema nimesamehewa. Namwamini. Ila aliyetengwa mezani si mchungaji. Nimekwenda Magwagwa mara mbili, nikauliza sokoni. Shangazi alishafariki. Wengine walisema Kemunto aliolewa upande wa Kilgoris, wengine wakasema huyo ni Kemunto mwingine.

Mwaka huu binti yangu yuko kidato cha pili, shule ile ile. Juzi alirudi likizo fupi akirukaruka: "Mama, tunacheza ya harusi! Si tuko na ebitinge vya Magokoro?" Nilimwambia havipo. Hilo nalo ni uongo, viko kabatini, saba, Magokoro aliniachia. Ananiona mchoyo, na sijapata mdomo wa kumweleza.

Kwa hiyo nakuomba wewe uliyenisikiliza mpaka hapa. Ukikutana na mwanamke anayeitwa Kemunto, aliyelelewa na shangazi Magwagwa, mwenye sauti ya kutoa watu jikoni, mwambie Moraa amesema egetinge alikichukua yeye, na kilianguka chooni. Usimwombe anisamehe. Mwambie tu, kisha ukae mle naye.